Mjomba Masikio

Nilimzaa mjomba wangu mwenyewe nikiwa na miaka sitini, mchana kweupe, kwenye kiti cha kinyozi. Usinicheke bado. Ngoja nikueleze, halafu utacheka kwa nafasi.

Sisi ni wasalimiaji. Ukifungua redio saa nne asubuhi utatusikia. Mtangazaji anasoma kadi: fulani anamsalimu fulani na fulani na fulani, ujumbe wake ni huu, basi, kadi inayofuata. Wako watu wanaokusanya stempu, wako wanaofuga njiwa, sisi tunatuma salamu. Kila mtu ana jina lake la hewani. Langu ni Bibi Hana Haraka. Nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali miaka thelathini na moja, nikikimbizana na mashine zenye mvuke na mashuka yasiyokwisha, na siku niliyostaafu niliapa sikimbii tena, hata mvua inikute na nguo kwenye kamba.

Chama chetu hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika duka la kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti. Pana viti viwili vya kuzunguka, benchi moja, na kioo kirefu cha ukuta mzima. Kioo kile kina adabu mbaya. Unamwona kila mtu mara mbili, na ukisema uongo unajiona ukiusema.

Kinyozi ana sheria moja. Kadi ina mistari kumi, watu kumi wa kusalimiwa, na kadi yenye mstari mtupu haitoki dukani mwake. Siku yangu ya kwanza niliandika watu tisa nikakwama. Akaja nyuma yangu na mkasi mkononi, akachungulia.

"Bibi, hawa wote naona ni wa kwa baba na wa kazini. Upande wa mama huna mtu?"

Nikajitazama kwenye kioo.

"Ninaye mjomba," nikasema.

"Anaitwa nani?"

Kinyozi mwenyewe ana masikio, Mungu alimpa bila kupima. Nikayaona pale kwenye kioo, mawili yakawa manne.

"Masikio," nikasema.

"Mjomba Masikio. Anakaa wapi?"

"Andika popote alipo."

Ndivyo alivyozaliwa. Bila uchungu, bila mkunga, na akiwa mtu mzima tayari.

Sasa nikwambie kwa nini sikuwa na mjomba wa kweli. Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Alipokuwa kijana alikwenda mbali kujenga shule, akakaa huko miaka miwili, akarudi na pima maji, mwiko na mke. Pima maji na mwiko vilipokelewa vizuri. Mke hakuwa wa kabila letu, wala hakujua lugha yetu, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisema siku ileile kwamba ndani ya nyumba yake hataki kusikia maneno asiyoyaelewa. Mama akanyamaza. Alijifunza lugha yetu, akaisema kwa kuipimapima kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji. Nilipokuwa na miaka minane akafariki. Nilipelekwa kwa jirani, na niliporudishwa kila kitu kilikuwa kimeisha, hata kitanda chake kilikuwa kimeshapewa mtu.

Nilipomuuliza baba kwao mama ni wapi, alisema mbali. Nikamuuliza mbali wapi, akasema nenda ukalale. Ilikuwa saa sita mchana. Alikufa nikiwa na miaka ishirini, na jibu lake akaondoka nalo.

Kwa hiyo niliposhika kadi ile nilikuwa na mawazo yangu. Redio inafika mbali, na mama alitoka mbali. Sikutaka urithi wala shamba. Nilitaka mtu mmoja tu wa upande ule ajue kwamba niko duniani, kwamba yule binti aliyeondoka na fundi mwashi aliacha mtoto, na mtoto huyo amezeeka, ana magoti mabovu na bado anauliza. Hilo tu.

Lakini kumwambia kinyozi kwamba simjui mtu hata mmoja wa kwa mama, kinywa kilikataa. Kulizaa jitu zima kulikuwa rahisi zaidi.

Masikio alikua haraka kuliko watoto niliowazaa kwa tumbo. Mwezi wa pili Mama Mizani, anayeuza unga sokoni, aliniuliza habari zake, nikasema ana redio kubwa ya betri sita. Mwezi wa tatu nikampa baiskeli. Baadaye nikampa mguu unaomuuma wakati wa baridi, maana mtu asiye na maradhi haaminiki. Wenzangu wakaanza kumsalimu kwenye kadi zao wenyewe. Kinyozi alimsalimu siku ya harusi yake. Mama Mizani alimtakia mguu upone. Na Mwalimu Chaki, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, akaja siku moja akasema amekutana naye stesheni.

"Mrefu," akasema. "Ana upara. Tumezungumza sana."

"Alikwambia nini?" nikamuuliza, kwa kweli nikitaka kujua.

"Anakusalimu."

Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mjinga. Unaona nilipofikia.

Miaka kumi na moja ikapita namna hiyo. Halafu miezi minne iliyopita kinyozi akatutangazia kwamba mtangazaji wetu, yule binti mwenye sauti ya asali, atakuja dukani na kinasa sauti kufanya kipindi cha chama chetu.

"Nimemwambia sisi hapa ni mchanganyiko mtupu," kinyozi akasema. "Mimi baba yangu ni wa bondeni na mama yangu ni wa milimani, na watu hao zamani hawakuchangia hata njia. Mimi nikikasirika, nusu yangu inataka kupigana na nusu nyingine."

"Babu yangu alikuja na meli kuuza vioo," akasema Mama Mizani. "Akakaa mwaka mmoja, akaondoka, akaacha pua hii." Akaigeuza huku na huku kwenye kioo tuione vizuri. Ni pua ya haja kweli.

"Mimi ni safi pande zote," akasema Mwalimu Chaki.

"Mwalimu, bibi yako si alikuwa anaongea lugha ya wavuvi wa ziwani?"

"Alikuwa anajifunza."

Tukacheka. Kisha kinyozi akasema neno lililonikata kicheko. Kila mmoja aje siku hiyo na mtu wa upande wa baba na mtu wa upande wa mama, wakae pale wote, wasikike hewani. "Na wewe Bibi Hana Haraka, hatimaye tutamwona Mjomba Masikio. Nimeshamwambia mtangazaji. Ana hamu naye kuliko sisi wote."

Maji yakanifika shingoni. Mwezi mzima nilitafuta mzee wa kuazima. Nilimfikiria mlinzi wa hospitali, mrefu na mwenye upara, lakini hajui kunyamaza. Mwishoni nikaona hakuna njia nyingine. Itabidi nimuue.

Jumamosi iliyofuata nilifika na kanga nyeusi, nikaketi kwenye kiti cha pembeni, nikashika tama. Sikujitazama kwenye kioo.

"Kuna nini, bibi?"

"Mjomba hayupo tena," nikasema. "Mguu."

Kinyozi akazima mashine, na mteja akabaki na kichwa nusu. Nikapewa pole, nikaitikia kwa sauti ndogo, nikainuka nikaenda zangu nyumbani. Nilijiona nimelimaliza jambo kwa usafi kabisa. Njiani nikanunua hata nyanya.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa uani nawarushia kuku wangu wanne punje, nikasikia vishindo vya mabenchi. Nikachungulia mlangoni. Kinyozi alikuwa amebeba benchi la duka kichwani. Mama Mizani alikuwa na unga, sufuria na wanawake watatu wa chama. Mwalimu Chaki alikuwa nyuma yao na leso, tayari analia, na analia kwa haki, maana ndiye peke yake aliyewahi kukutana na marehemu.

Usiniulize nilijisikiaje. Waliingia wakapanga mabenchi ukumbini, wakaviondoa viti vyangu vibovu, wakawasha moto, wakatandika mkeka wakanikalisha. Kabla sijasema lolote chai ilikuwa inachemka na watu kumi na watano walikuwa kimya kwa heshima ya mtu niliyemtunga kwa kutazama masikio ya kinyozi.

Kinyozi akasogea. "Mama, tumeulizia gari. Tuambie tu anazikwa wapi. Tutakwenda nawe."

Nikafungua kinywa nipige chuku nyingine. Nilikuwa nayo tayari, ya mafuriko na daraja. Lakini Mama Mizani alikuwa ameketi kando yangu mkekani, akanishika mkono, akasema polepole, "Pole, mama. Basi upande ule umebaki peke yako."

Hapo ndipo nilipokatika. Nililia. Sikulia kilio cha kuigiza, hicho nakijua na nilikuwa nimejiandaa nacho. Kilikuja kingine kutoka chini kabisa, kilio cha miaka sitini na mitatu, cha siku ile nilipokaa kwa jirani nikila viazi huku watu wakimtoa mama yangu nyumbani bila mimi. Hakuna aliyewahi kuketi mkekani na mimi kwa ajili yake. Sasa wameketi, kwa ajili ya mtu mwingine, tena asiye mtu.

Nilipopata pumzi nikasema, "Hayupo."

"Tunajua hayupo, mama. Ndiyo maana tumekuja."

"Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi. Simjui mtu yeyote wa kwa mama yangu, sijui kwao, sijui hata jina la baba yake."

Chai ikafurika jikoni, na hakuna aliyeinuka.

Kinyozi akamgeukia Mwalimu Chaki. "Wewe si ulikutana naye stesheni?"

Mwalimu alikunja leso mara nne, akaitia mfukoni. "Yule wa stesheni," akasema, "atakuwa mwingine."

Mama Mizani ndiye aliyeanza. Alijizuia, pua ile ikamtetemeka, halafu akapasuka kwa kicheko, na wengine wakafuata wakishikana mabega. Mimi nilicheka na machozi yangu usoni. Kinyozi peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, anakwaruza benchi lake kwa ukucha.

"Mimi nilimsalimu siku ya harusi yangu," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Sikuwa na mjomba wa kusimama nami. Wa milimani hawakuja. Nikasema angalau Mjomba Masikio anasikia."

Kinyozi akainua uso. "Na wewe miaka kumi na moja unawatafuta ndugu kwa jina la uongo. Wangekujuaje? Mtu wa kwenu angesikia Masikio, angesema simjui, angekunywa chai yake."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja. Mimi, niliyekuwa nikipanga mashuka mia nne bila kupoteza moja.

"Mama yako aliacha nini?" akauliza.

"Hakuacha kitu. Shangazi aligawa."

"Hata neno? Hata wimbo?"

"Lugha yake ilikatazwa ndani ya nyumba," nikasema. "Aliisema nje tu. Kwa kuku."

Wakanitazama.

"Alikuwa na namna yake ya kuwaita. Sijasikia mtu mwingine akiita vile. Alipokufa, shangazi alitoka asubuhi na punje, akawaita ti-ti-ti kama tunavyoita sisi, na kuku wa mama hawakuja. Walisimama tu kule nyuma ya jiko wakimtazama. Mimi nikatoka nikawaita kama mama. Wakaja wote mbio. Shangazi akanizaba kibao, akasema sitaki kuyasikia tena hayo. Wiki ileile kuku wakagawiwa, na sijaita tena."

"Ita sasa," akasema kinyozi.

"Mbele ya watu? Kwenye msiba?"

"Msiba wa nani?" akasema Mama Mizani.

Tukatoka uani wote. Nilisimama pale na kanga yangu nyeusi, na nikaona aibu kama msichana. Niliogopa kwamba nitafungua kinywa na isiwepo. Ilikuwepo. Ulimi unatikiswa kwanza, prrr, prrr, halafu kwaa-kwaa kutoka kooni, na mwishoni sauti inashuka taratibu, uuu, kama mtu anayemwita mwenzake aliyeshapita kona. Niliita mara tatu. Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa yake kabisa.

Kuku wangu wanne hawakujali. Wao ni wa ti-ti-ti. Mmoja, yule asiye na manyoya shingoni, aliinua kichwa, akafikiri, akaendelea kuchakura. Na katika watu wale kumi na watano, wa bondeni, wa milimani, wa ziwani na wa meli ya vioo, hakuna aliyesema nimeisikia kwetu.

"Haya," akasema kinyozi. "Hiyo ndiyo utakwenda nayo hewani."

Siku ya kipindi duka lilijaa. Kinyozi alikaa katikati ya binamu wawili wasiotazamana ana kwa ana, wakawa wanatazamana kwenye kioo. Mama Mizani alileta dada yake, pua ileile. Mwalimu Chaki alimleta shemeji wa ziwani, akasema ni rafiki wa familia. Mimi nililetewa mtoto wa shangazi kwa upande wa baba, na upande wa mama kinyozi aliweka kiti kitupu, na hakuna aliyethubutu kukikalia hata duka liliposhonana.

Zamu yangu ilipofika mtangazaji akanisogezea kinasa sauti. Nikamwambia ukweli. Kwamba mama yangu aliletwa na fundi mwashi aliyekwenda kujenga shule, kwamba alikuwa na mwanya na alifunga kanga kwa kushoto, kwamba hivi ndivyo alivyoita kuku. Nikaita. Mtangazaji alianza kucheka, kisha akaacha.

Baada ya hapo ikawa kungoja. Mimi na jina langu la Hana Haraka, nilikuwa nafungua redio saa tatu kipindi kisichohusika, nasikiliza bei za mazao hadi saa nne ifike. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili mtu mmoja aliandika kuniuliza kama nauza kuku. Wiki ya tatu nikaanza kujisema: we kizee, hao waliomjua wameshakufa, na waliosikia wamekucheka wakaenda kazini.

Jumanne ya wiki ya nne nilikuwa napiga pasi. Mtangazaji akasema, "Hii ni ya Bibi Hana Haraka. Bibi, kama uko karibu, kaa chini." Sikukaa. Niliiacha pasi juu ya blauzi, na blauzi hiyo sasa ina dirisha mgongoni.

Aliyeandika ni mwanamume, fundi baiskeli. Akasema: "Siku ile redio ilikuwa dirishani. Bibi alipoita, kuku wetu wote walikimbilia mlangoni, na mama yangu mzee akatoka chumbani na fimbo kuuliza nani anawaita kuku wake. Tukamwambia ni redio. Hakuamini. Huku kwetu wanawake wengi wanaita hivyo, kijiji hadi kijiji, kwa hiyo siwezi kusema huyo mama alikuwa wa nyumba gani. Mama anasema palikuwa na shule, na palikuwa na mafundi, na wasichana walioondoka walikuwa zaidi ya mmoja. Hajui. Lakini anauliza kama huyo anayeita amekula."

Akataja na mahali. Mahali penyewe sikutajii. Nimekaa maisha yangu yote bila kupajua, niache nipafaidi peke yangu kwanza.

Kinyozi alikuja mchana uleule, hakuvua hata koti lake la kazi. Alikuta natafuta mkoba.

"Bibi, pole pole. Haijulikani kama ni ndugu. Amesema mwenyewe, vijiji ni vingi."

"Nimesikia."

"Unaweza kwenda siku mbili za basi usimpate mtu wa mama yako."

"Nimesikia, mwanangu. Basi linaondoka saa ngapi?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Na magoti?"

"Nayo yanakuja."

Akacheka, akainama kunifungia kamba ya mkoba, na masikio yake yakawa mbele yangu, makubwa, mekundu kidogo kwa jua. Nikamwambia kama hana kazi Jumatano, pana kiti cha mjomba ambacho hakijapata mtu. Aliikaza kamba, akasema atafunga duka.

Sitakwenda kudai. Nikifika sitajitambulisha hata haraka. Nimeshapanga: nitaomba nioneshwe jiko, nitasimama nyuma yake mahali wasiponiona, asubuhi kabla yule mama mzee hajatoka na punje. Miaka sitini na mitatu sauti ile imekuwa kichwani mwangu mimi peke yangu. Nataka kumsikia mtu mwingine akiita. Halafu nami nitaitika, nitoke pamoja na kuku wake.